Ateri ndani ya mfupa: kwa nini upasuaji wa shingo hutanguliwa na picha ya mishipa ya damu

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Mtu akianguka kutoka kwenye mnazi, akigongwa na pikipiki au akipinduka na gari, kisha ikathibitika hospitalini kwamba pingili ya shingo yake imevunjika, ndugu zake hutarajia aingizwe katika chumba cha upasuaji siku hiyohiyo. Mara nyingi haiwi hivyo. Mgonjwa huvishwa kola ngumu ya shingo, hulazwa chali bila kugeuzwa ovyo, na daktari huagiza apigwe tena picha ya CT-Scan, safari hii akiwa amechomwa mshipani dawa inayoifanya mishipa ya damu ionekane. Ndugu hujiuliza kwa nini ipigwe picha ya pili ilhali mfupa uliovunjika umekwisha kuonekana katika ile ya kwanza. Wengine huona kwamba wanazungushwa, na wapo wanaofikia hatua ya kuomba mgonjwa aruhusiwe ili wampeleke kwa mtaalamu wa kienyeji wa kuunga mifupa.

Picha ya kwanza huonyesha mfupa. Ya pili huonyesha ateri inayopita ndani ya mfupa huo na kuelekea kwenye ubongo. Katika shingo, mambo hayo mawili hayatenganishiki, na daktari anayeingiza chuma katika pingili bila kujua ateri imepita wapi anaweza kuunga mfupa na papo hapo kumsababishia mgonjwa kiharusi. Makala haya yanaeleza mpangilio wa damu katika pingili za shingo, na namna mpangilio huo unavyoamua hatua nyingi ambazo mgonjwa na ndugu zake hushuhudia bila kuelezwa sababu zake.

Pingili saba na uzi wake

Shingo ya binadamu ina pingili 7, idadi ileile aliyonayo twiga, ambaye urefu wa shingo yake umetokana na ukubwa wa kila pingili wala si wingi wake. Madaktari huzihesabu kuanzia juu, chini ya fuvu, kwenda chini. Kila pingili, isipokuwa ya kwanza, ina kiwiliwili kizito upande wa mbele, na zote zina upinde wa mfupa upande wa nyuma. Katikati hubaki uwazi ambamo hupita ugwe mgongo, yaani ile kamba laini ya fahamu inayounganisha ubongo na mwili wote.

Jambo linalozitofautisha pingili za shingo na nyingine zote za uti wa mgongo ni matundu mawili ya pembeni, moja kulia na jingine kushoto. Katika matundu hayo hupita ateri ya pingili. Ateri hiyo huchipuka kutoka kwenye ateri kubwa inayopita chini ya mtulinga kuelekea mkononi, hupanda kidogo ikiwa nje ya mfupa, kisha huingia katika tundu la pingili ya 6. Hivyo ndivyo ilivyo kwa takriban watu 9 kati ya 10. Kwa waliobaki huingia juu au chini zaidi. Tundu la pingili ya 7 kwa kawaida hupitisha mishipa ya vena tu. Kuanzia pingili ya 6, ateri hupanda kutoka tundu hadi tundu kama uzi unavyopita katika shanga, mpaka kufikia pingili ya kwanza.

Huko juu njia yake hubadilika. Kati ya pingili ya 2 na ya 1 ateri hujipinda kuelekea nje, ikiacha urefu wa ziada ili isikatike pale kichwa kinapogeuka. Takriban nusu ya mzunguko wote wa shingo hufanyika katika kiungo hicho kimoja. Ikishapita katika tundu la pingili ya 1, hukunja kuelekea nyuma, hulala katika mfereji mdogo juu ya upinde wa pingili hiyo, hutoboa utando unaouzunguka ugwe mgongo, kisha huingia katika fuvu kupitia tundu kubwa la chini. Ndani ya fuvu ateri ya kulia na ya kushoto huungana na kuwa moja.

Kwa pamoja, ateri hizo mbili hupeleka takriban asilimia 20 ya damu yote ya ubongo. Kiasi hicho kinaweza kuonekana kidogo kikilinganishwa na kinachopelekwa na ateri za karotidi, zile ambazo mapigo yake husikika mtu anapoweka vidole kando ya koromeo. Lakini sehemu zinazolishwa na ateri za pingili ni shina la ubongo, linaloongoza pumzi, kumeza na kuwa macho. Ubongo mdogo wa nyuma, unaoshika usawa wa mwili. Na sehemu ya nyuma ya ubongo inayotafsiri kile ambacho jicho limeona.

Ateri hizi hazilingani kwa watu wote. Mara nyingi ya kushoto huwa nene kuliko ya kulia, na kwa baadhi ya watu upande mmoja huwa mwembamba kiasi kwamba ubongo wa nyuma hutegemea karibu ateri moja tu. Hakuna dalili ya nje inayoweza kumwonyesha daktari jambo hilo. Mtu anaweza kuishi hadi uzee bila kujua, nalo likaja kujulikana siku ya kupigwa picha kwa sababu nyingine kabisa.

Mfupa wenyewe hulishwaje

Ikiwa njiani, ateri ya pingili hutoa matawi madogo katika kila ngazi. Mengine huingia katika kiwiliwili cha pingili kwa upande wa mbele, mengine hupenya nyuma kupitia ndani ya ule uwazi wa ugwe mgongo, na yote hukutana katikati ya mfupa. Pingili za chini husaidiwa na ateri nyingine mbili, moja inayopanda mbele ya misuli ya shingo na nyingine inayopita ndani nyuma yake. Kwa ujumla pingili ya shingo ni mfupa ulioshiba damu, na hiyo ni sababu mojawapo ya pingili nyingi zilizovunjika kuunga vizuri zikitulizwa ipasavyo.

Diski zilizo kati ya pingili hazikujaliwa hivyo. Kwa mtu mzima, diski haina mishipa ya damu ndani yake. Hupata chakula kwa kunyonya kidogokidogo kutoka kwenye uso wa pingili za juu na chini yake. Ndiyo maana diski huchakaa mapema, na ikishapasuka haijirudishi ilivyokuwa.

Ushirika huo wa damu kati ya pingili jirani una upande wake mchungu. Vimelea vya kifua kikuu husafiri katika damu kutoka kwenye mapafu au sehemu nyingine na kutua kwenye uti wa mgongo. Kwa kuwa mishipa ya ngazi moja hulisha kingo za pingili mbili zinazopakana, ugonjwa mara nyingi huanza katika kingo hizo mbili kwa pamoja na kuila diski iliyo katikati. Daktari anayeona katika picha pingili mbili zimeharibika pamoja na diski yake hufikiria maambukizi kwanza. Anayeona kiwiliwili kimoja kimeliwa na diski zimebaki salama hufikiria zaidi saratani, ingawa hakuna anayeamua kwa picha peke yake. Vena nazo huchangia. Mwaka 1940 daktari wa Marekani, Oscar Batson, alieleza mtandao wa vena zinazozunguka uti wa mgongo wote ambazo hazina vali, hivyo damu yake huweza kurudi nyuma kutegemea shinikizo la kifua na tumbo. Kwa njia hiyo saratani ya tezi dume au ya titi huweza kufika kwenye pingili.

Kifua kikuu cha uti wa mgongo hupatikana zaidi katika pingili za kifuani na kiunoni kuliko shingoni, lakini kikiwa shingoni ni cha hatari zaidi kwa sababu ugwe mgongo wa hapo huongoza mikono, miguu na sehemu ya pumzi. Maumivu ya shingo yanayodumu wiki kadhaa, yakiambatana na homa za jioni, jasho la usiku au kupungua uzito, yapelekwe hospitalini badala ya kukandwa. Dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya umma nchini, na kwa wagonjwa wengi dawa ndizo tiba yenyewe; upasuaji huongezwa pale ugwe mgongo unapobanwa au pingili zinapolegea.

Jino la pingili ya pili

Mahali ambapo suala la damu limebishaniwa zaidi na wapasuaji ni pingili ya 2. Kutoka kwenye kiwiliwili chake huchomoza kijiti cha mfupa kinachoelekea juu, mfano wa jino, nacho huingia ndani ya pete ya pingili ya 1. Kichwa kinapogeuka kulia na kushoto, huzunguka kwenye kijiti hicho. Mbele na nyuma yake kuna nyuso laini za kiungo, kwa hiyo mishipa ya damu haina nafasi ya kuingia kwa wingi kutoka pembeni kama ifanyavyo katika pingili nyingine. Matawi ya ateri ya pingili huchipuka chini kidogo, kwenye usawa wa pingili ya 3, hupanda mbele na nyuma ya jino hilo, kisha hukutana kileleni na vijitawi vinavyotoka upande wa karotidi na kufanya upinde.

Mwaka 1974, Lewis Anderson na Richard D'Alonzo waligawa mivunjiko ya jino hilo katika aina tatu: ya kileleni, ya shinani na ile inayoingia ndani ya kiwiliwili cha pingili. Aina ya pili, ya shinani, ndiyo iliyosumbua, kwani mara nyingi haikuunga hata mgonjwa akae muda mrefu na kola. Kwa miaka mingi maelezo yaliyokubalika yalikuwa kwamba mvunjiko huo hukata damu, na kipande cha juu hubaki kama tawi lililotenganishwa na shina lake.

Maelezo hayo ni mepesi kushikika, na bado yapo katika baadhi ya vitabu, lakini hayatoshi. Uchunguzi wa mishipa uliochapishwa na Schiff na Parke mwaka 1973 ulikuwa umekwisha kuonyesha kwamba kilele cha jino kina njia yake ya damu kutoka juu, hivyo mvunjiko wa shinani haukiachi kipande hicho bila chochote. Kipande cha juu kufa kwa kukosa damu ni jambo la nadra. Wapasuaji wengi sasa huona kwamba sababu kubwa ni nyingine: uso wa mfupa unaokutana hapo ni mwembamba, mifupa ya wazee ni dhaifu, na kila mgonjwa anapogeuza kichwa vipande viwili husuguana. Tofauti hii inabadilisha tiba. Kama tatizo lingekuwa damu pekee, chuma kisingesaidia sana. Kwa kuwa tatizo kubwa ni mwendo, kukifunga kipande kwa chuma kimoja kutoka mbele, au kuunga pingili ya 1 na ya 2 kutoka nyuma, huwa na maana. Kwa mgonjwa mwenye umri mkubwa, daktari hupima pia kama mwili wake utastahimili upasuaji, na wakati mwingine huchagua kola ingawa anajua mfupa unaweza usiunge kikamilifu.

Kuingia kwa mbele

Njia ya kufikia pingili za shingo kutoka mbele ilienea baada ya mwaka 1958, George Smith na Robert Robinson walipochapisha utaratibu wao, huku Ralph Cloward akieleza wa kwake mwaka huohuo. Mwananchi anayesikia kwamba mgongo unafikiwa kwa kupasua koo hushtuka, lakini njia hiyo hufuata uwazi ambao maumbile yameuacha. Daktari huisogeza ateri ya karotidi na mshipa mkubwa wa vena upande mmoja, koromeo na umio upande wa pili, na katikati hukuta uso wa mbele wa pingili. Damu inayomwagika kwa kawaida ni kidogo.

Hatari iko pembeni. Ateri za pingili zimejificha kulia na kushoto mwa mahali anapofanyia kazi, na daktari anayepoteza mstari wa katikati wakati akiondoa diski au kupanua nafasi ya ugwe mgongo anaweza kuigusa mojawapo. Kwa watu wachache ateri hujipinda na kujichimbia ndani zaidi ya kiwiliwili cha pingili, karibu na katikati kuliko ilivyotarajiwa. Picha ya kabla ya upasuaji ndiyo humwonya.

Baada ya kuondoa diski, daktari hukwangua nyuso za pingili mbili mpaka zitoe damu kidogo. Damu hiyo si ajali. Kipande cha mfupa au kifaa kinachowekwa katikati kitaungana na pingili ikiwa tu mishipa midogo mipya itakua na kukifikia, nayo hukua kutoka kwenye mfupa wenye damu. Kwa sababu hiyohiyo mgonjwa huambiwa aache sigara kabla na baada ya upasuaji: nikotini hubana mishipa midogo, na wavutaji hupata matatizo ya mfupa kutounga kuliko wasiovuta. Ndugu anayemletea mgonjwa sigara wodini ili kumtuliza anaihujumu kazi iliyogharimu saa nyingi.

Kuingia kwa nyuma

Kwa nyuma, eneo linaloogopwa ni pingili mbili za juu. Ateri iliyolala juu ya upinde wa pingili ya 1 haina mfupa wa kuifunika. Vitabu vingi vya upasuaji huweka mpaka wa takriban sentimita 1.5 kutoka mstari wa katikati kwa mtu mzima, na chini ya hapo kwa mtoto. Kuvuka mpaka huo ni kuingia katika eneo la ateri. Kwa baadhi ya watu, mfereji wa ateri hufunikwa na daraja dogo la mfupa walilozaliwa nalo. Daraja hilo humhadaa daktari asiye na picha nzuri, kwani upinde huonekana mnene na salama kwa kuingiza skrubu, kumbe unene huo ni paa tu na chini yake ateri inapita.

Katika pingili ya 2 hatari ni ya namna nyingine. Skrubu hupita katika kipande cha mfupa kilicho kati ya ugwe mgongo kwa ndani na ateri kwa nje. Kwa watu ambao ateri yao imejikunja juu kuliko kawaida, kipande hicho huwa chembamba mno na skrubu haitoshi. Daktari akiliona hilo mapema hubadilisha mpango: hutumia skrubu fupi, huchagua sehemu nyingine ya mfupa, au huweka chuma upande mmoja tu.

Ateri ya pingili kujeruhiwa katika upasuaji wa shingo si jambo la kawaida. Ripoti nyingi za kitabibu huliweka chini ya mgonjwa 1 kwa kila 100. Lakini likitokea, kinachofuata hutegemea habari zilizokusanywa kabla. Damu ikibubujika kutoka kwenye tundu lililotobolewa, mara nyingi daktari huliziba kwa skrubu yenyewe au kwa kukandamiza, na kanuni inayofundishwa kwa wapasuaji ni kutothubutu kuweka skrubu ya namna hiyo upande wa pili siku hiyo, kwa kuwa kuzipoteza ateri zote mbili kunaweza kuwa kifo. Kama picha ilionyesha kwamba iliyojeruhiwa ndiyo nyembamba, ubongo una nafasi kubwa ya kuendelea kulishwa na nyingine. Kama ndiyo nene, timu nzima huwa katika hali tofauti kabisa, na ateri huenda ikahitaji kukarabatiwa.

Daktari wa usingizi naye ana sehemu yake. Ugwe mgongo hulishwa na ateri moja ya mbele, inayobeba takriban theluthi mbili ya kazi, na mbili za nyuma. Ile ya mbele huanzia kwenye matawi ya ateri za pingili na kuongezewa damu na mishipa michache inayoingia njiani. Ugwe uliokwisha kubanwa hauna akiba. Shinikizo la damu la mgonjwa likishuka kwa muda, sehemu iliyokuwa imechoka inaweza kufa. Ndiyo sababu mgonjwa wa shingo huwekewa vipimo vya shinikizo vya kufuatilia dakika kwa dakika, na baada ya upasuaji hubaki katika uangalizi maalumu hata kama amezinduka na anazungumza.

Kiharusi kinachochelewa

Ateri inaweza kuumia hata bila daktari kuigusa. Pingili inapovunjika kwa mstari unaopita katika tundu la pembeni, inapoteguka na kutoka mahali pake, au mvunjiko ukiwa katika pingili tatu za juu, ukuta wa ndani wa ateri unaweza kuchanika. Damu hupenya kati ya tabaka za ukuta huo, bonge huganda, na bonge hilo likinyofoka huenda moja kwa moja kwenye ubongo. Kati ya ajali na kiharusi zinaweza kupita saa au siku kadhaa, majeruhi akiwa anaongea na kula. Kipindi hicho ndicho madaktari hukitumia: picha ikionyesha mchaniko, mgonjwa huanzishiwa dawa za kuzuia damu kuganda, ikiwa majeraha yake mengine yanaruhusu. Mgonjwa aliyeondolewa hospitalini kabla ya picha hiyo hulikosa dirisha hilo.

Mchaniko wa aina hiyo hutokea pia pasipo ajali. Katika baadhi ya saluni za kiume, huduma ya kunyoa humalizikia kwa kukandwa, na kukandwa humalizikia kwa kichwa kuzungushwa ghafla mpaka shingo itoe mlio. Wateja hulipenda jambo hili, na wengi hutoka salama. Hata hivyo, mzunguko huo wa ghafla hulielemea lile pindo la ateri kati ya pingili ya 1 na ya 2, na vitabu vya tiba vina kumbukumbu za vijana waliopata kiharusi baada ya shingo kuzungushwa kwa namna hiyo. Mteja ana haki ya kukataa hatua hiyo na kulipia kunyolewa tu. Anayepata baadaye maumivu makali mapya ya shingo au kisogo, kizunguzungu kisichoisha, kuona viwili viwili, ulimi mzito au kupepesuka, aende hospitalini saa hiyohiyo na aeleze kwamba shingo ilizungushwa, kwa kuwa bila maelezo hayo anaweza kuonekana ana malaria au uchovu.

Kutoka eneo la ajali hadi chumba cha picha

Majeruhi wa ajali anayelalamika shingo, aliyezimia, au asiyehisi mikono au miguu, asivutwe kwa mikono wala kukalishwa kwenye bodaboda kati ya dereva na mtu wa kumshikilia. Kama hakuna moto, maji au gari linaloelekea kumwangukia, mtu mmoja ashike kichwa chake kwa mikono miwili kikae sawa na mwili, wengine wapige simu: 112 kwa Polisi au 114 kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Akilazimika kusogezwa, asogezwe kama gogo, kichwa na kiwiliwili kwa pamoja, juu ya ubao au mlango.

Katika miaka ya karibuni hospitali za rufaa za mikoa zimepatiwa mashine za CT-Scan, hivyo picha ya awali haihitaji tena safari ya Dar es Salaam kwa wagonjwa wengi wa mikoani. Upasuaji mgumu wa pingili za juu hubaki katika hospitali za kanda na Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), iliyoanzishwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 1996.

Kabla ya picha yenye dawa ya mishipa, mgonjwa au ndugu aseme mapema kama mgonjwa ana ugonjwa wa figo, kama amewahi kupata mzio baada ya sindano ya namna hiyo, kama ni mjamzito, kama anatumia metformini kwa ajili ya kisukari, na kama anatumia dawa yoyote ya kufanya damu iwe nyepesi, aspirini ikiwemo. Dawa za miti shamba nazo zitajwe bila aibu. Baada ya picha kupigwa, ndugu waombe nakala yake katika CD iambatane na barua ya rufaa, kwa sababu daktari atakayempokea mgonjwa huhitaji kuiona ateri kwa macho yake mwenyewe kabla ya kuamua skrubu iwekwe wapi, na picha iliyoachwa mkoani humlazimu kuanza upya.